Rogathe Alipompuuza Katibu wa Maji

Uliona. Usiniambie hukuona. Simu ilikuwa mkononi, kidole kinapanda na kushuka, ukakuta jina la jirani yako linasemwa vibaya mbele ya watu. Ukasema moyoni, hayanihusu. Ukapita. Kesho yake ukakutana naye njiani, ukamwuliza habari za watoto.

Watu arobaini na mmoja walimfanyia Rogathe hivyo hivyo. Kama unadhani wewe si mmoja wao, soma kwanza.

Rogathe anaishi Mkaghala, kijiji cha mlimani juu ya mji wa Same. Juu ya kijiji hicho kuna ndiva. Ndiva ni bwawa lililochimbwa kwa mikono. Usiku maji ya kijito yanaingia humo. Asubuhi kizibo kinafunguliwa, maji yanashuka mferejini, shamba kwa shamba, kwa zamu. Mwenye zamu anamwagilia. Asiye na zamu anatazama.

Tope likijaa ndani ya ndiva, unaitishwa msaragambo. Hiyo ni kazi ya wote. Kila nyumba inatoa mtu, na kila mtu anakuja na jembe lake. Sheria ni moja, na kila mtoto wa Mkaghala anaijua: ukikosa msaragambo mara tatu bila kutoa sababu, zamu yako ya maji inakatwa mpaka msimu uishe.

Rogathe alikuwa ameolewa Mkaghala miaka ishirini na sita. Hakuwahi kukosa hata mara moja. Alikwenda akiwa na mimba. Alikwenda na mtoto mgongoni.

Mwaka huu alikuwa na sababu kubwa ya kuyataka maji. Alipanda maharage ya marehemu mama yake. Ni maharage madogo, meupe, yenye jicho jekundu. Siku hizi huyapati sokoni. Vuli iliyopita mvua haikunyesha, akabaki na kopo moja tu la mbegu. Na ndani ya kopo hilo wadudu walishaanza kutoboa. Akaamua kupanda yote. Yakikomaa, atapata mbegu mpya. Yakikauka, mbegu ya mama yake imekwisha duniani.

"Maji mara nne," alimwambia mumewe. "Nikipata maji mara nne tu, yanakomaa."

"Mara nne ni nyingi?" Sifael akajibu. "Si una zamu yako?"

Sifael, mumewe, alikuwa anakaa kwenye kiti mlangoni. Mwaka juzi alianguka kutoka kwenye paa la kanisa wakiezeka, akavunjika nyonga. Tangu hapo kazi yake ni kuchambua mboga, kulinda kuku, na kutania watu wanaopita.

Zamani msaragambo uliitwa kwa baragumu. Mtu anapanda juu ya jiwe, anapuliza, kilima kizima kinasikia. Anayejua kusoma anasikia, asiyejua anasikia. Kisha kamati ya ndiva ikaona baragumu ni mambo ya kizamani. Kijana mmoja wa kijiji aliyeko Arusha akawatengenezea ukurasa mtandaoni. Ukaitwa Jukwaa la Ndiva. Humo mtu anaandika, wengine wanajibu, na maneno yanabaki pale kila mtu ayasome. Matangazo ya maji yapo humo. Bei za mazao zipo humo. Misiba ipo humo. Aminieli, katibu wa ndiva, akalifungia baragumu stoo.

Hakuna aliyeuliza: na asiye na simu je? Na asiyejua kusoma? Babu zetu walishuka Same kwa maelfu kukataa kodi ya mkoloni, ile iliyoitwa mbiru. Walikaa pale miezi. Ni nani aliyewaita? Mtu alimwendea mtu mlangoni. Tumesahau upesi sana.

Jenifer, binti yao, anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya shule mjini Same. Alimletea mama yake simu na kumwandikisha jukwaani.

"Mama, hapa wanataka wasifu wako."

"Wasifu ndiyo nini?"

"Maelezo yako. Wewe ni nani."

Rogathe alikaa sawa, akakohoa, akasema kama mtu anayejitambulisha ugenini. "Mimi ni Rogathe, mke wa Sifael, mama wa Jenifer. Nimezaliwa Gonja kwa mzee Eliamini, fundi seremala. Nimeolewa Mkaghala. Nyumba yetu ni ya tatu ukitoka kanisani, ina mgomba mbele. Namba yangu ya simu ni—"

"Mama! Si vyote hivyo!"

"Sasa watanijuaje? Mtu hasemi nusu ya ukoo wake. Andika."

Jenifer akaandika. Kila mtu duniani mwenye simu akaweza kusoma nyumba ya Rogathe ni ya tatu ukitoka kanisani.

Mwanzoni mwa Juni, Rogathe aliuliza swali jukwaani. Aliandika polepole, kwa kidole kimoja: "Katibu, mbona shamba la shemeji yako linapata zamu mbili kwa wiki na sisi tunapata moja?"

Lilikuwa swali la haki. Watu wengi walikuwa wanalinong'ona pembeni. Rogathe alilitoa hadharani.

Aminieli alijibu saa ileile. "Mama huyu wasifu wake mrefu kama tangazo la msiba redioni. Lakini mumewe hajashika jembe tangu adondoke kama papai. Nyumba isiyo na mwanaume isitufundishe mfereji."

Chini yake watu wakaweka vile vijisura vya kucheka. Vicheko kumi na vinne. Hakuna hata mmoja aliyeandika, "Katibu, hapo umekosea." Hata mmoja.

Rogathe alisoma akiwa jikoni. Sufuria la makande lilikuwa linatokota, akalisahau likashika chini. Akampigia Jenifer simu.

"Wamemtukana baba yako," alisema. 

"Mama, usijibu. Bonyeza jina la Aminieli. Wasifu wake utafunguka. Chini kuna neno 'Puuza'. Bonyeza hapo. Hutamwona tena."

Rogathe akabonyeza. Mara moja matusi yakatoweka. Mahali pake pakaja maneno ya rangi ya majivu: "Ujumbe umefichwa. Umempuuza mwandishi huyu."

Akayasoma mara mbili. Moyo wake ukatulia.

Hapa ndipo kosa lilipozaliwa, na usimcheke. Mkaghala wana desturi yao. Mtu akitukana kwenye mkutano wa ndiva, wazee wanamwambia, "Kaa chini." Anakaa. Tangu hapo hana sauti. Hata akisema, hakuna anayemsikia. Anabaki hivyo mpaka asimame palepale alipotukania, mbele ya watu walewale, aombe radhi. Yule aliyetukanwa anamjibu neno moja tu, "Nimesikia." Akishalisema, yamekwisha. Asipolisema, watu wanajua amekataa radhi, na ubaya wote unahamia kwake.

Rogathe alidhani kitufe kile ndiyo "kaa chini" ya simu.

"Nimemkalisha," alimwambia mumewe.

"Umemkalisha nani?"

"Aminieli. Kule jukwaani. Amefichwa. Hana sauti tena mpaka aombe radhi."

Sifael akacheka mpaka nyonga ikamuuma. "Na wazee wamekubali?"

"Simu imekubali."

"Basi vizuri. Tumngoje na radhi zake. Aje na mkungu wa ndizi, mimi papai nitamngojea hapa chini."

Wakangoja. Maharage yakaota. Rogathe akayapa maji mara ya kwanza kwa zamu yake. Yalikuwa yamesimama vizuri, majani mawili mawili, kama watoto wa darasa la kwanza mstarini.

Kisha dada yake akalazwa Gonja. Rogathe akaenda kumwuguza siku tatu. Aliporudi, akaingia jukwaani kila asubuhi kama kawaida yake. Alisoma misiba. Alisoma bei ya vitunguu. Tangazo la msaragambo hakuliona. Akasema, mwaka huu tope ni kidogo.

Siku ya zamu yake alikwenda mferejini na jembe. Maji yalikuwa yanapita membamba kama kamba ya kiatu. Yakafika nusu ya tuta la kwanza, yakaisha. Akamwendea Hedwiga, jirani yake, ambaye shamba lake limepakana na lake.

"Mama Fredrick, maji yamepungua?"

Hedwiga aliinama kwenye matuta yake. Matuta yake yalikuwa na maji. "Maji yapo kama yalivyo," akasema.

"Mbona kwangu hayafiki?"

"Si unajua mwenyewe, Mama Jenifer."

"Najua nini?"

Hedwiga akang'oa jani la magugu, akalitazama sana. "Ah. Mambo yenu na katibu mimi siyaingilii."

Rogathe alidhani anazungumzia lile swali la zamu mbili. Akarudi nyumbani na jembe kavu.

Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Wiki ya baada ya hiyo hata kamba ya kiatu haikuja. Maharage yalikuwa yametoa maua. Asubuhi moja akayakuta maua chini, meupe, yametapakaa kama karatasi zilizochanwa. Akaokota machache, akayaweka kwenye mfuko wa gauni. Hakujua anayaweka ya nini. Alipofika nyumbani Sifael alimtazama usoni, na siku hiyo hakutania.

Siku ya zamu iliyofuata alipanda juu mpaka kwenye mgawanyo wa mfereji. Akamkuta Wilbard, kijana wa nyumba ya bondeni, anafungulia maji yaende shambani kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wilbard, leo ni zamu yangu."

"Mama Jenifer, tafadhali, usinitie matatizoni. Zamu hii nimepewa mimi."

"Amekupa nani?"

"Kamati. Si umesoma?"

"Nisome wapi?"

"Jukwaani! Mama, upo pale kila siku. Jina lako linawaka taa ya kijani kila asubuhi. Watu wote tunakuona unasoma."

"Ninasoma misiba, Wilbard. Nimesoma nini kingine?"

Wilbard akatazama miguu yake ndani ya maji. "Basi, mama," akasema. "Basi." Akaendelea kuchota tope, akitaka sana Rogathe aondoke.

Rogathe alisimama pale. Maji yalipita karibu na kidole chake cha mguu, ya baridi, yakienda kwa mtu mwingine. Yangeweza kufika kwenye maharage kwa dakika kumi.

Akasema simu imeharibika. Ndilo jambo pekee lililomjia. Akapanda bodaboda kushuka Same.

Karibu na stendi ya Same kuna kibanda cha Mwanahalima, fundi simu. Ni mwanamke wa makamo, bisibisi anaichomeka kwenye mtandio juu ya sikio kama wengine wanavyochomeka kalamu. Mdomo wake ni mkali. Kazi yake ni safi.

"Shikamoo, mama yangu. Imeanguka majini?"

"Marahaba. Haijaanguka. Haileti matangazo. Inaleta misiba tu."

"Hiyo simu ina nuksi!" Mwanahalima akacheka. Kisha akauona uso wa Rogathe, akaacha kucheka. "Hebu lete."

Akaifungua. Akagusa hapa na pale. Akaenda kwenye wasifu wa Rogathe, akaingia sehemu ya mipangilio, akasimama.

"Mama, huyu Aminieli ni nani?"

"Ni katibu wetu wa ndiva. Nimemkalisha."

"Umemfanyaje?"

Rogathe akaeleza. Matusi, kitufe, maneno ya rangi ya majivu. Mwanahalima alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kanga iliyokuwa juu ya kiti, akaining'iniza mbele ya uso wa Rogathe.

"Unaniona?"

"Sikuoni."

"Hao wanaopita barabarani wananiona?"

Rogathe akainua pembe ya kanga, akatazama barabarani.

"Wananiona, mama. Nikikutukana sasa hivi, stendi nzima inasikia. Hicho kitufe ni kanga hii. Hukumfunga yeye mdomo. Umejifunga wewe macho. Yeye anaandika kama kawaida, watu wanamsoma kama kawaida. Ni wewe tu uliyefichwa."

"Lakini imesema ujumbe umefichwa!"

"Umefichwa kwako. Peke yako."

Rogathe akashika ukingo wa meza. "Na matangazo ya maji?"

"Anayaandika nani?"

"Katibu."

Mwanahalima akashusha mikono. Akaikunja kanga. "Simu haina akili ya kuchambua, mama. Haijui hili ni tusi, hili ni maji. Ukimpuuza mtu, umeficha kila anachoandika. Mada aliyoianzisha yeye inaondoka yote, pamoja na majibu ya watu wengine waliomjibu humo. Hata akikuita kwa jina lako, simu yako hailii."

"Na hii taa ya kijani wanayosema?"

"Hiyo inasema umeingia jukwaani. Haisemi umesoma nini. Umeingia kusoma msiba, wao wanadhani umesoma tangazo. Taa hiyo inazimika, iko humu humu kwenye wasifu. Lakini nani anawaambia watu? Wanawapa simu kama wanavyowapa sabuni."

"Mwondoe," Rogathe akasema. "Niondolee hiyo kanga."

Mwanahalima akabonyeza. Jumbe kumi na moja zikashuka kwa pamoja.

Rogathe akasoma kwa sauti, kidole chini ya kila neno. Msaragambo wa kwanza, Alhamisi ile alipokuwa Gonja. Msaragambo wa pili, na zamu mpya za maji kwa kuwa mfereji umebomoka. "Mama Jenifer, hukufika, tupe sababu." Kisha akafika kwenye ujumbe wa tarehe kumi na tisa Juni. Hapo sauti yake ikapungua.

"Mama Jenifer. Mimi Aminieli nilikukosea hapa, na hapa hapa ninasimama. Neno nililosema juu ya mumeo lilikuwa baya. Juu ya zamu mbili, ulisema kweli. Moja nimeiondoa. Naomba uniambie umesikia."

Alisoma tena. 

Chini yake mtu mmoja alikuwa ameandika, "Mama Jenifer yupo hapa sasa hivi, taa yake inawaka. Anasoma, ananyamaza." Mwingine: "Kiburi cha Gonja hicho." Mwingine: "Hata radhi hataki!" Siku mbili baadaye Aminieli akaandika, "Nimesubiri. Amekataa mbele yenu." Kisha msaragambo wa tatu. Kisha uamuzi wa kamati: nyumba ya Sifael imekatiwa maji mpaka msimu uishe, na zamu yake anapewa Wilbard. Na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo: Waliosoma, 41, kisha majina yao.

"Alisimama," Rogathe akasema. "Alisimama palepale alipotukania, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa namngoja nyumbani."

"Hukujua, mama."

"Hata Hedwiga yumo. Angalia. Jina lake hili. Tumepakana shamba." Akaifunika simu kwa kiganja. "Arobaini na mmoja. Wangepiga hatua ngapi kunifikia? Nyumba ni ya tatu ukitoka kanisani. Nimeiandika."

Mwanahalima alivuta kiti, akakaa karibu naye. Akazungumza polepole sasa, bila utani.

"Sikiliza, mama. Mtu akikutukana tena mtandaoni, kwanza piga picha ya matusi yake, hivi, bonyeza hapa na hapa pamoja. Kisha bonyeza 'Ripoti'. Ripoti inakwenda kwa msimamizi wa jukwaa, na yeye ndiye mwenye uwezo wa kumnyamazisha mtu mbele ya wote. Hiyo ndiyo 'kaa chini' yenu. Puuza ni ya kupumzisha macho tu. Mtu unayemhitaji kwa maji, kwa dawa, kwa shule ya mtoto, usimpuuze. Na ukishindwa kabisa, umemchoka, basi mwombe mtu mmoja unayemwamini akuambie anachotangaza."

"Kila mahali ni hivyo?"

"Hapana. Kwingine ukimzuia mtu na yeye hakuoni. Kwingine anakuona nusu. Kila jukwaa na desturi yake, kama vijiji. Ndiyo maana mtu anauliza kabla ya kubonyeza. Sasa lete huu wasifu." Akautazama, akatikisa kichwa. "Mama, nyumba ya tatu ukitoka kanisani? Na namba ya simu? Mwizi akitaka kuja si umempa ramani? Jina lako linatosha hapa. Ukoo uache kwa watu waliokaa mbele yako."

Wakafuta pamoja.

Alhamisi hiyo kulikuwa na mkutano wa ndiva. Rogathe alikwenda. Sifael naye alibebwa kwenye bodaboda, akiwa ameshika magongo yake mapajani. Watu walipomwona Rogathe wakasogea pembeni, kama mtu mwenye ugonjwa.

Alisimama. Akaishika simu juu. "Nilimpuuza katibu," akasema. "Nilidhani nimemkalisha. Kumbe nilijikalisha mwenyewe. Msaragambo sikuuona. Radhi sikuiona. Nimeisoma juzi, Same, kwenye kibanda cha fundi." Akamgeukia Aminieli. "Nimesikia."

 Neno hilo lilikuwa limechelewa wiki tano.

Aminieli alikuwa mtu mwenye maneno mengi.  Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. "Nilikuja mpaka kwenye mgomba wenu," akasema mwishowe. "Wiki ile. Nikaona mlango wazi. Nikasema, amenikataa mbele ya watu, nikaingie nikakataliwe na ndani? Nikarudi."

"Mgombani?" Sifael akauliza. "Hatua sita, Aminieli! Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nachambua mchicha."

Wachache wakacheka.

"Zamu hairudi," mwenyekiti akasema. "Wilbard ameshapanda nyanya, na maji ni yaleyale."

Basi. Hiyo ndiyo haki aliyoipata. Aminieli akasema atampa zamu yake mwenyewe, ya Jumanne. Watu wakapiga makofi. Ni rahisi kupiga makofi.

Jumanne maji yalifika. Yaliingia kwenye tuta la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Rogathe alitembea nayo, akiyaelekeza kwa jembe, akiinua kila shina lililolala. Udongo ulikunywa. Mashina mengi hayakunywa. Yalikuwa yameshakuwa vijiti.

Hedwiga alikuja akasimama mpakani. "Mama Jenifer. Nilisoma yote. Nilidhani unajua."

"Ulidhani, au ulitamani iwe hivyo?"

Hedwiga akavuka mpaka. Akavua viatu, akaingia tuta la mwisho, akaanza kuinua mashina naye. Walifika mwisho wa tuta pamoja.

Mwezi wa tisa Rogathe alivuna. Kutoka kopo moja la mbegu alipata kiganja kimoja. Si kiganja cha kujaa. Nusu yake yalikuwa yamesinyaa, na jicho jekundu halikuiva. Aliyaweka kwenye chupa ya dawa ya kikohozi, akafunga kizibo, akaiweka juu ya kabati karibu na Biblia. Vuli atajaribu. Hana hakika.

Kijiji kilifanya jambo moja la maana. Baragumu lilitolewa stoo. Matangazo bado yanaandikwa jukwaani, lakini siku moja kabla linapulizwa pia, na kila nyumba inaipelekea habari nyumba inayofuata mpaka ya mwisho. Mwanahalima alipanda kutoka Same, akakaa kanisani mchana kutwa, akamfundisha kila mwenye simu kufungua wasifu wake na kutazama orodha ya aliowapuuza. Watu tisa walikutwa wamempuuza mtu. Wawili walikuwa wamepuuzana wao kwa wao, mtu na kaka yake.

Msaragambo wa kwanza wa baragumu, mzee Lukasi alifika na jembe. Hajui kusoma. Watu walikuwa wameshasema kwamba amekuwa mvivu.

"Mzee, ulikuwa wapi miaka miwili?" wakamwuliza.

"Nyumbani," akasema. "Nilikuwa nangoja mniite."

Sasa wewe. Usikunje karatasi hii. Toa simu. Fungua wasifu wako, tafuta palipoandikwa uliowapuuza, soma jina moja moja, na jiulize ni nani kati yao anayetangaza jambo utakalolihitaji kesho. Futa namba yako ya simu na njia ya nyumbani kwako hapo mbele ya macho ya watu. Na yule uliyeona anasemwa, taa yake inawaka na yeye kimya, usimwandikie. Vaa viatu uende mlangoni kwake ukamwulize kama amesikia. Unajua nyumba yake ni ya ngapi.

Nenda sasa, maua bado yako kwenye shina.